Nyemo, Umekwenda Kuteka Maji

Mkonze, siku moja kabla ya safari yako

Nyemo mwanangu,

Umetoka alfajiri na mtungi mkubwa wa bibi yako kichwani, nami nimeahidi kwamba sitakufuata. Kwa kuwa siwezi kukaa bure nikiitazama njia, nimekaa hapa mlangoni mwa tembe, nimeweka ubao wangu wa shule juu ya magoti, na nimeanza kukuandikia. Nitaikunja barua hii na kuiweka katikati ya nguo zako. Kule shuleni utaisoma polepole, herufi kwa herufi, kama nilivyokufundisha. Ukikwama mahali, ruka uendelee. Utaparudia siku nyingine.

Sitakuambia uoge, wala uwaamkie wakubwa, wala usikae juani bila sababu. Hayo unayajua, na bibi yako atayasema tena kesho mpaka msafara wa mwalimu anayekupeleka shuleni upotee machoni. Mimi nataka kukuandikia makosa yangu, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Bibi yako amenisamehe, babu yako hapendi kuyataja, na wewe ulikuwa mgonjwa mno hata usiyajue.

Watu wakikusikia unaniita mama hucheka. Juzi kisimani mmoja alisema, "Mama gani huyu, majuzi tu alikuwa analilia maziwa?" Sikumjibu, unanijua. Lakini ukweli ni huu. Dada yangu Matika alikuzaa, na alipokufa ulikuwa hujaota meno yote. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa walipokufunga mgongoni mwangu kwa ngozi ya mbuzi, na bibi yako akasema, "Damari, huyu sasa ni wako." Baba yako alikuwa amekwenda kuchimba tuta la reli, na hakurudi. Kwa hiyo sikumbuki vizuri siku ambazo sikuwa mama yako. Hata kufanya makosa ya mama nimeanza mapema.

Nianze na ndewe.

Nilipopelekwa shule ya misheni, walimu hawakupenda masikio yetu. Walisema kutoboa ndewe, nyama laini ya chini ya sikio, na kuitanua kwa kijiti mpaka iningʼinie ni mambo ya zamani. Mimi niliamini kila neno. Nilirudi nyumbani wakati wa mavuno na kumwambia mama yangu, yaani bibi yako, kwamba asikutoboe. Alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua hata uso.

"Kwa hiyo mtoto akae na masikio kama ya punda?"

"Akae na masikio aliyopewa na Mungu, mama."

"Na mimi nilipewa na nani?"

Akaendelea kupepeta. Alingoja miaka miwili kwa ajili yangu, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwake, lakini wenzako walipokuwa wameanza kukucheka alikutoboa nikiwa shuleni. Ulikuwa na miaka minane hivi. Niliporudi nilikukuta na vijiti viwili vipya masikioni, na upande wa kushoto ukitoka usaha.

Nyemo, nilifurahi. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilifurahi. Moyoni nilisema, sasa mama ataona kwamba nilikuwa na haki. Nilikitoa kijiti cha kushoto mbele yake, nikakitupa motoni. Nikakuosha ndewe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Bibi yako naye, nikitoka, alipaka siagi na majivu palepale nilipoosha. Mwezi mzima tuligombana juu ya kipande cha nyama kisichozidi ukucha. Na ndewe ilipona vizuri kabisa. Ilikauka ikawa safi. Usaha ukaendelea kutoka, kwa sababu haukuwa unatoka kwenye ndewe. Ulikuwa unatoka ndani, kwenye tundu lenyewe la kusikia, ukishuka mpaka kwenye ndewe kama maji ya mvua yanavyoteleza ukutani na kukusanyika chini. Mtu akiona tope chini ya ukuta halaumu tope. Sisi tulililaumu tope.

Hakuna aliyekutazama ndani. Mimi nilikutia pamba kwenye tundu ili inzi wasikusumbue, na nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Mwaka uliofuata, nikiwa nyumbani tena, mvua ilikuwa imetukimbia. Unakumbuka jinsi tulivyokula mlenda bila ugali, na ubuyu bila mlenda. Kila mtu alikuwa na kizunguzungu. Babu yako akisimama kutoka kigodani alishika nguzo kwanza. Wewe uliposema, "Mama, kichwa kinazunguka," nilikujibu, "Sote vinatuzunguka." Nilidhani nimesema jambo la busara.

Ndipo ukavunja mtungi.

Nakuandikia hili kwa mkono mzito. Ulikuwa umefika hapa hapa mlangoni, umetembea njia yote kutoka visima vya mchangani, na maji yalikuwa machache kuliko kitu chochote nyumbani. Nikakuona unayumba upande wa kushoto, kama mtu anayesukumwa. Mtungi ukaanguka juu ya jiwe la kusagia. Nikakupiga kofi. Nilikupiga upande ule ule wa sikio lako.

Hukulia. Ulikaa chini kwenye tope, ukashika ardhi kwa mikono miwili, ukaniambia, "Mama, ardhi imenivuta."

Nikasema, "Ardhi haimvuti mtu. Uvivu ndio unaomvuta."

Mara nyingi nimetamani kuurudisha ule mkono. Haurudi. Lakini kuanzia siku ile nimejiwekea jambo moja: mtoto akinieleza mwili wake kwa maneno ya ajabu, nauliza tena. Hukuwa na maneno mengine. Ardhi ilikuwa inakuvuta kweli, kwa maana kile kinachomwambia mtu juu ni wapi na chini ni wapi kilikuwa kinaungua ndani ya kichwa chako.

Siku zilizofuata ulitapika bila kula. Ulitembea ukigusa ukuta. Majirani walikuja na maneno yao. Mmoja alisema ni pepo. Mwingine, mzee mwenye heshima sitamtaja, alisema kwa upole kabisa, "Sikio la kufa halisikii dawa," akaondoka. Nililisikia neno hilo likikaa ndani ya nyumba kama moshi. Mtu akisema methali kila mmoja hunyamaza, hata kama methali haikuja kwa kazi hiyo.

Nikakupeleka stesheni ya Dodoma, kwenye chumba cha dawa cha watu wa reli, ambako siku mbili kwa juma walitibu na watu wengine. Daktari hakuwepo. Alikuwepo msaidizi wake, Bwana Faraji, mtu wa pwani mwenye kofia nyeupe na maneno mengi. Nyuma yetu walikuwa wamepanga mstari wanaume wa reli, mmoja kaumia kidole, mwingine kakatwa na chuma. Bwana Faraji akaiangalia ndewe yako.

"Ninyi Wagogo," akasema, "Mungu kawapa matundu mawili, mnaongeza mengine mawili."

Wanaume wakacheka. Uso wangu ukawaka moto. Akapaka dawa ya manjano kwenye ndewe iliyokwisha kupona, akafuta mikono, akaniuliza, "Kuna kingine?"

Hapo, Nyemo. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Angalau aliuliza, na kuuliza ni nusu ya kazi yao. Mimi nilikuwa nayo yote mdomoni: kuyumba, kutapika, mtungi, ardhi inayovuta. Lakini wanaume walikuwa wananitazama. Tena niliogopa kwamba nikitaja kuanguka wataandika una kifafa, na shule haitakuchukua kamwe. Nikatazama miguu yangu.

"Hakuna," nikasema.

Tukarudi Mkonze na dawa ya manjano.

Watu husifu haya ya msichana. Hata mimi husifiwa: Damari hana maneno, Damari ana adabu. Lakini siku ile haya yangu ilikunyima siku kumi. Nilikuwa nimelificha gonjwa lako kwa adabu kama nilivyoliziba kwa pamba.

Siku ya kumi uliamka na sikio limesimama. Nyuma yake, pale penye mfupa, palikuwa pamevimba na kuwa pekundu, na uvimbe ulikuwa unalisukuma sikio mbele. Mwili ulikuwa wa moto. Ulisema kichwa kinapasuka. Jambo lililonitisha kuliko yote ni kwamba ulikuwa umelala, hukusimama wala hukuinuka, na bado uliniambia, "Shika nyumba, mama, inazunguka."

Hilo lilinishtua kwa sababu nilikijua kizunguzungu cha njaa. Nilikuwa nacho mwenyewe. Cha njaa kinakuja ukisimama na kinaondoka ukikaa. Hiki chako kilikufuata mpaka kwenye ngozi ya kulalia. Nilikaa karibu nawe nikatazama macho yako, nikaona yanakimbia, yanateleza upande mmoja na kurudi, yanateleza na kurudi, kama mtu anayehesabu ngʼombe wanaopita. Nikaita kwa sauti upande wa kushoto, hukugeuka. Nikaita upande wa kulia, ukageuka.

Bibi yako alikuwa amesimama mlangoni. Aliyaona yote. Hakusema habari ya ndewe wala mimi sikusema. Alisema tu, "Mfunge mgongoni. Twende."

Ulikuwa mkubwa kwa mgongo wangu na miguu yako ilikuwa inagonga magoti yangu. Babu yako alikuja nyuma na fimbo. Kila nilipopiga hatua ulilia, kwa hiyo nilijifunza kutembea bila kutikisa, kama mtu aliyebeba maji.

Mungu alitaka daktari awepo siku hiyo. Alikuwa Mdachi mrefu, mkono wake mmoja una kovu, na alikuwa anafunga sanduku lake kwa sababu gari la moshi la kwenda pwani lingefika saa tisa. Bwana Faraji alitukuta mlangoni.

"Yule wa ndewe," akasema. "Dawa imekwisha? Njoni siku ya zamu, binti. Leo Bwana Daktari anasafiri."

Mstari wa wanaume ulikuwepo vilevile. Huenda walikuwa walewale. Nikatazama miguu yangu, nikaliona vumbi lake, nikaona na miguu yako inaningʼinia kando yake. Nikainua uso.

"Si ndewe," nikasema. "Haikuwa ndewe hata siku moja. Nilikudanganya uliponiuliza."

Sauti yangu ilikuwa kubwa, nadhani kwa sababu nilikuwa sijaizoea. Daktari akageuka. Kiswahili chake kilikuwa kifupi kifupi, lakini alikijua.

"Nani huyu mtoto?"

"Ni mwanangu, bwana."

Akanitazama kuanzia kichwa hadi miguu. Bwana Faraji akamwambia, "Kwao mama mdogo ni mama, bwana. Ndivyo walivyo."

"Haya, mama," daktari akasema. "Wewe sema. Mimi nasikia."

Nikasema. Sikuacha hata kimoja. Usaha tangu mvua za mwaka uliopita, na ndewe iliyopona huku usaha ukiendelea. Kuyumba upande wa kushoto, kila mara kushoto. Kutapika bila chakula. Nyumba inayozunguka hata akilala. Macho yanayokimbia. Sikio lisilosikia tena. Homa, maumivu ya kichwa, uvimbe wa nyuma ya sikio. Nikasema na kofi langu, ingawa hakuniuliza. Mmoja wa wanaume wa mstari alitoka kwenye benchi ili nikulaze.

Daktari alitoa ile pamba yangu kwa koleo dogo, akainusa, akakunja uso. Akakutazama macho muda mrefu. Akakwambia ukunje uso, ukenue meno, ufumbe macho, akitafuta kama upande mmoja wa uso umelegea. Haukuwa umelegea. Akainamisha kidevu chako mpaka kifuani kuona kama shingo imekakamaa. Haikuwa imekakamaa. Kila mara alipokuta hakuna, alipumua. Kisha akakusimamisha, akafumba macho yako kwa kiganja, akakuachia kidogo. Ukaanguka kushoto moja kwa moja, mikononi mwake.

"Mimi nafunga mifupa," akaniambia. "Nakata vidole vya watu wa reli. Sikio la ndani mimi sijui. Pwani hospitalini yuko daktari anajua masikio tu. Mtoto huyu aende kwake. Si juma lijalo. Leo."

Mtu mkubwa namna ile, mwenye sanduku la vyuma na askari wa kumbebea, alisema sijui mbele ya mstari mzima wa watu, wala hakutazama miguu yake. Nimeyaweka maneno hayo pamoja na vitu vyangu vya thamani.

Aliandika karatasi, akaikunja, akanipa mimi. Ndipo babu yako akasema kwa mara ya kwanza tangu Mkonze.

"Haendi."

Unampenda babu yako, nami nampenda, na nataka ujue alisema hivyo kwa nini. "Reli ilimchukua baba yake," akasema. "Walisema pia, ni siku chache tu. Nani alimleta? Hata fupa halikuletwa." Daktari alianza kusema, akaacha. Gari la moshi lilikuwa limekwisha kusikika kutoka upande wa magharibi. Mimi nilikuwa nimemaliza sauti yangu yote, nikasimama na karatasi mkononi kama mjinga.

Bibi yako akaketi chini kwenye changarawe. Akaingiza vidole kwenye ndewe yake mwenyewe, akakitoa kile kijiti chake kikubwa cha mpingo, alichokivaa tangu usichana wake. Ndewe yake ikaningʼinia tupu mpaka begani. Sikuwahi kuiona hivyo. Akakiweka mkononi mwa babu yako.

"Mimi ndiye niliyemtoboa," akasema. "Kama nina kosa, ni langu. Kama sina, ni vilevile mtoto anaungua. Shika hiki. Asiporudi, usinirudishie. Niache nitembee hivi mpaka nife, kila mtu aulize kwa nini."

Babu yako alikitazama kile kijiti. Gari la moshi likaingia na kelele zake zote. Akakifunga kwenye pindo la shuka yake, akakuinua mwenyewe, akakupandisha behewani kwa mikono yake.

Ya njiani huenda unayakumbuka. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kupanda gari la moshi. Mimi nilishika ubao wa dirisha nikiomba Mungu, na wewe ulikuwa umelala mapajani kwangu na homa. Katikati ya mtikisiko ukafumbua jicho moja ukasema, "Hata gari hili lina ugonjwa wangu." Watu wa behewa wote walicheka, na mwanamke mmoja wa Kondoa, aliyekuwa na mtungi wa asali, akakupaka tone moja kwenye midomo. Sikulijua jina lake. Ukikutana na mwanamke wa Kondoa popote, mwamkie kwa heshima mbili.

Hospitali ya pwani ilikuwa na nyumba nzuri kwa Wazungu na mabanda kwa sisi, lakini daktari wa masikio alivaa kitambaa kilekile cheupe pande zote mbili. Aliisoma karatasi, akakutazama, na siku hiyohiyo akakulaza. Alinieleza kwa mkalimani. Sikio ni nyumba ya vyumba vitatu, alisema. Cha nje tunakiona. Cha katikati ndicho kilichojaa usaha. Cha ndani kabisa kina maji, na maji hayo ndiyo yanayomwambia mtu kama amesimama au ameinama. Nikaelewa mara moja, maana ni tembe letu hasa: baraza, chumba cha kulala, na chumba cha nyuma cha ndama. Moto ulikuwa umeanzia chumba cha katikati ukavunja ukuta kwenda kwa ndama. Na ukuta mwingine, mwembamba kama ganda la kibuyu, ulikuwa unautenganisha moto huo na ubongo.

"Siku ngapi zaidi?" nikauliza.

Mkalimani hakutafsiri jibu lote. Alisema tu, "Anasema mmekuja siku nzuri."

Walikukata nyuma ya sikio, wakafungua mfupa, wakausafisha. Nilikaa nje kwenye ngazi. Unaposhika kovu lako pale nyuma, lile linalofanana na mwezi mchanga, usilionee haya. Bibi yako amesema lina sura nzuri kuliko ndewe, na unajua jinsi alivyo mchoyo wa sifa.

Tulikaa miezi miwili. Usaha ulikauka. Homa iliondoka. Kusikia kwa sikio la kushoto hakukurudi, na daktari alisema hakutarudi. Kile chumba cha ndama kimefungwa. Lakini alisema pia kwamba upande wa kulia utajifunza kufanya kazi ya pande mbili, kama utafundishwa. Neno hilo nililibeba kutoka pwani mpaka hapa bila kulimwaga.

Mazoezi yetu ndiyo unayakumbuka kuliko mimi. Kwanza kutembea kati ya kuta mbili. Kisha kati ya mawe mawili. Kisha juu ya gogo, watoto wote wa Mkonze wakihesabu mara unazoanguka, na wewe ukiwaambia, "Hesabuni vizuri, msiniibie." Kisha ngata kichwani bila kitu. Kisha kibuyu kitupu, kibuyu nusu, kibuyu kizima. Bibi yako akikaa pale kigodani na kijiti chake kimerudi sikioni, akisema, "Nyoosha shingo. Mbuni anatembea vizuri kuliko wewe." Gizani bado unayumba, na pengine utayumba siku zote, kwa sababu gizani macho hayawezi kukusaidia. Basi gizani gusa ukuta. Hakuna wa kukucheka, na akiwepo, mwambie ukuta ni ndugu yako.

Nilimaliza shule mwezi uliopita. Niliporudi shuleni kuomba nafasi yangu uipate wewe, mwalimu alisikia habari zako zote, maana sasa naweza kusema. Akawaza, akajibu kwa haki yake: "Hapa kila msichana huteka maji yake mlimani. Siwezi kumchukua mtoto ambaye wenzake watamtekea mpaka siku ya mwisho. Kama anaweza mtungi, aje." Tulikwambia maneno hayo jana. Leo alfajiri ukachukua mtungi, si kibuyu, ukachukua huu mkubwa mpya ambao bibi yako aliufinyanga badala ya ule, ukasema, "Mtu asinifuate."

Nyemo, nina jambo moja tu la kukupa, na ulikuwa umekwisha kulilipia wewe kabla sijalijua. Siku moja utakaa na mtoto wa mtu, kule shuleni au hapa au mbali zaidi, naye sikio lake litamwuma. Masikio mengi huuma yakapona, usimtishe. Lakini ukiona usaha haukomi, na mtoto anayumba, anatapika, anasema nyumba inazunguka naye amelala, au amepoteza kusikia ghafla, au uso umeenda upande, au nyuma ya sikio pamevimba na kichwa kinampasuka, usibishane na mtu juu ya ndewe. Usingoje zamu. Mchukue kwa anayejua, na kama huyo hajui, mwombe karatasi ya kwenda kwa anayejua zaidi. Na wakikuuliza kuna kingine, sema. Sema hata kama mstari mzima unacheka. Utakuta mmoja wao atatoka kwenye benchi.

Jua sasa limefika katikati. Babu yako amepita hapa mara tatu akijifanya anatafuta kamba. Bibi yako amesaga unga uliokwisha kusagwa. Mimi nimeandika mpaka kalamu imekuwa fupi kama jino, na nimetimiza ahadi, sijatoka mlangoni.

Naona vumbi kwenye njia, penye migunga. Ni kundi la wanawake kutoka visimani. Siwezi kukutofautisha bado. Wanatembea kwa mstari, mitungi juu, na mmoja wao ni mfupi kuliko wenzake.

Ni wewe. Umeachia mikono. Hushiki mtungi kwa mkono hata mmoja. Wale wanawake wamekupisha utangulie, na yule aliyenicheka juzi anatembea nyuma yako akipiga vigelegele. Babu yako amesimama katikati ya njia na kusahau kamba. Umefika penye jiwe la kusagia. Umelizunguka, upande wa kushoto.

Bibi yako amechungulia ndani ya mtungi kabla hujaushusha. Anasema, "Umejaa." Kisha anasema tena, kwa sauti ya kusikika nyumba zote za Mkonze, "Umejaa mpaka shingoni."

Naacha kuandika. Nakuja kukupokea. Maji haya tutapikia ugali wa jioni, na yatakayobaki ndiyo utakayonawia uso kesho, kabla ya safari.

Mama yako,
Damari